Banda la Korona na Baraza ya Watu

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya wajumbe wa bodi na mameneja wa vyama vya msingi vya mkonge, mkoani Tanga)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya matumizi ya majengo ya zamani. Wengi wenu mnanifahamu kuwa ni mtu wa kufungua leja na kuuliza vocha iko wapi. Sikusomea usanifu wa majengo, na mchoro wa fundi ukiwekwa mbele yangu huanza kuutazama kwenye gharama pale chini. Hata hivyo, katika miaka hii ya karibuni nimekuta jambo moja likijirudia katika mihutasari ya vyama vyenu. Chama kimepewa, au kimenunua, au kimejikuta kina dhamana juu ya banda la korona, ghala au ofisi ya shamba la zamani, na wanachama wanataka pageuzwe pawe mahali pa watu kukutana. Fedha zinazotajwa si ndogo. Jambo hili limekwisha kuingia katika madaftari, na likishaingia humo linanihusu.

Kipo chama kimoja, na wajumbe wake wamo humu ndani, ambacho kitapeleka pendekezo la namna hiyo mbele ya mkutano mkuu ujao. Pendekezo lenyewe ni kubomoa banda la korona pamoja na ofisi ya mshahara iliyo ubavuni mwake, na kujenga ukumbi mpya kwa mkopo utakaolipwa kwa makato ya kila kilo ya singa kwa miaka mitano. Wamenionyesha mchoro. Ni mchoro mzuri. Mkaguzi hapigi kura, lakini haruhusiwi kunyamaza, na leo nitasema kwa nini mimi nisingeshauri hivyo.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893, na katika miche iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo michache nchi ilipanda mpaka ikawa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaanguka. Mashamba yakachoka, mitambo ikachakaa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao yalikuwa yameshuka hadi karibu tani 20,000. Najua kwamba leo mkonge unarudi, na baadhi yenu ndio mnaourudisha. Hata hivyo, shamba la mkonge halikuwa shamba tu. Lilikuwa mji. Maji ya bomba, umeme, zahanati, duka, shule, uwanja wa mpira, vyote vilitoka katika mkono mmoja, na mkono ule ulipofungwa vilifungwa vyote kwa pamoja. Watu walibaki. Hao ndio ninaowazungumzia.

Niruhusuni niseme jambo la nyumbani. Nilizaliwa katika kambi ya shamba moja la wilaya ya Korogwe. Babu yangu aliletwa na SILABU kutoka Songea. Marehemu baba alikuwa mlisha korona. Shamba lile lilikuwa na jumba la starehe la wafanyakazi, lakini sikumbuki kuliona limejaa hata siku moja. Watu walijaa kwenye baraza ya ofisi ya mshahara, mbele ya dirisha dogo lenye nondo. Baraza ile ilikuwa ndefu, bati lake limetokeza mbele sana, na ukingo wake ulikuwa wa kimo cha kukalia. Hapo vipande vilikaguliwa. Hapo akina mama waliuza uji na mihogo, na aliyejua kusoma aliwasomea wenziwe barua zilizotoka Kasulu na Njombe.

Shamba lilipofungwa, dirisha lilipigiliwa mbao. Wazee hawakuondoka. King'ora kilikuwa kimenyamaza, lakini waliendelea kuamka alfajiri na kuja kukaa palepale, migongo ikilielekea dirisha lisilolipa. Utotoni niliwaona kama watu waliopotewa na akili. Leo naona kwamba walikuwa wamechagua jengo lililo bora kuliko yote katika shamba lile. Lilikuwa na kivuli mchana kutwa, lilipata upepo, lilionekana kutoka njia zote tatu za kambi, halikuwa na mlango, na hakuna aliyemwuliza mtu amefuata nini.

Sasa nitoe mfano wa pili, ambao si wa kufurahisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua hesabu za chama kimoja, ambacho jina lake nalihifadhi. Chama hicho kilipata msaada, kikavunja ghala kuukuu na baraza yake, kikajenga ukumbi wenye dari, vigae na geti la chuma. Siku ya ufunguzi palichinjwa ng'ombe wawili. Nilipofika, mwaka wa tatu, nilikuta kodi ya ukumbi kwa siku moja inazidi kipato cha mwanachama wa kawaida kwa mwezi, hivyo waliokodi ni kamati za harusi kutoka mjini, nazo si nyingi. Mshahara wa mlinzi ulikuwa mkubwa kuliko mapato ya mwaka. Fungu la ukarabati lilikuwa tupu kwa miaka yote mitatu. Mifereji ya paa ilijaa majani, maji yakarudi ndani, dari ikaanguka juu ya viti. Wazee waliokuwa wakikaa kwenye baraza ya ghala niliwakuta wameketi juu ya kalvati la barabara kuu, magari yakiwapita karibu na magoti. Niliandika hoja zangu za ukaguzi kama kawaida, lakini hilo la kalvati sikuwa na fungu la kuliandikia.

Baada ya hapo nikaanza kusoma juu ya watu wengine waliofungiwa kazi wakiwa katika miji iliyojengwa kwa kazi hiyo moja. Mfano uliofanana zaidi na wetu niliukuta katika mabonde ya kusini mwa Wales, Uingereza. Huko wachimbaji wa makaa ya mawe walijijengea majumba yao wenyewe tangu karne ya 19. Katika mji wa Blaenavon jumba la wafanyakazi lilifunguliwa mwaka 1895, nalo lilijengwa kwa makato madogo ya mishahara ya wachimbaji na wafua chuma. Majumba hayo yalikuwa na vyumba vya kusomea magazeti, meza za biliadi, kumbi za mikutano na nyimbo, na maktaba. Maktaba peke yake zilizidi 100 katika mabonde yale. Mwaka 1920 sheria iliongeza mfuko wa ustawi wa wachimbaji, ambamo wenye migodi walitoa peni moja kwa kila tani ya makaa iliyotolewa ardhini. Mwanaushirika akisoma habari hizo hawezi kuacha kuona fahari. Wanachama ndio waliomiliki, kamati iliwajibika kwao, na mlango ulikuwa wazi jioni baada ya zamu.

Hata hivyo, fuateni fedha. Jumba lililishwa na makato, makato yalitoka katika mshahara, na mshahara ulitoka mgodini. Migodi ilipozidi kupungua baada ya vita kuu ya pili, majumba yakaanza kudhoofika; vitabu vilivyonunuliwa kwa senti za wachimbaji viliuzwa kwa bei ya karatasi au vilitupwa, hata ikabidi mwaka 1973 ianzishwe maktaba maalumu katika chuo kikuu cha Swansea ili kuokoa vilivyosalia. Ukaja mgomo mkubwa wa mwaka 1984 na 1985, na baada yake migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mgodi wa Maerdy, wa mwisho katika mabonde ya Rhondda, ulifungwa Desemba 1990. Yaani siku ile ile watu walipohitaji jumba kuliko wakati wowote, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda asubuhi, ndiyo siku jumba lilipokosa fedha za kuwasha taa.

Hapo ndipo ninapowaomba wenzetu wa makato ya kila kilo wasimame kidogo. Mnataka mahali pa watu patakapowasaidia siku singa ikishuka bei, na mnapategemeza juu ya singa hiyo hiyo.

Majumba yaliyonusurika huko Wales yalinusurika kwa kupata mkono wa pili. Jumba la wachimbaji la Blackwood lilichukuliwa na halmashauri ya mahali na kufunguliwa upya mwaka 1992 kama ukumbi wa maigizo na muziki. Mji wa Blaenavon, uliopata kuwa na watu zaidi ya 12,000 na ukabakiwa na nusu yao hivi, uliligeuza shimo lake kuu la makaa, lililofungwa mwaka 1980, kuwa makumbusho mwaka 1983, na wachimbaji wa zamani wakawa ndio wanaowaongoza wageni kushuka chini ya ardhi. Mwaka 2000 UNESCO iliuweka mji ule katika orodha ya urithi wa dunia. Sisemi kwamba mabonde yale yamepona. Mahali pa kukutana hapaleti ajira iliyopotea, na kiongozi anayewaahidi wanachama hivyo anawadanganya.

Siwezi kuondoka Wales bila kuwataja wachimbaji wa mgodi wa Tower, maana hao ni wenzetu. Serikali ilipoufunga mwaka 1994, wachimbaji 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 kutoka katika malipo yao ya kuachishwa kazi, wakaununua, wakaufungua tena Januari 1995 wakiwa wamiliki. Waliuendesha mpaka mwaka 2008, makaa yalipokwisha. Walijua tangu mwanzo kwamba mgodi una mwisho. Sisi nasi mkonge tunaujua, lakini katika makisio yetu mara nyingi tunaandika kana kwamba mwaka mbaya hautakuja.

Sasa niwapeleke Brazili, kwa sababu huko lilifanyika jambo linalohusu mchoro wenyewe. Katika mji wa São Paulo palikuwa na kiwanda cha mapipa ya chuma, ambacho baadaye kilitumika kutengeneza majokofu, mtaa wa Pompéia. Shirika la huduma za wafanyakazi wa biashara, liitwalo SESC, lilikipata ili kijengwe mahali pa mapumziko na michezo. Msanifu aliyepewa kazi alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Italia, Lina Bo Bardi. Alipokwenda mara ya kwanza alipendezwa na mabanda matupu. Alipokwenda tena, siku ya Jumamosi, akakuta yamejaa: watoto wanakimbia na mpira chini ya paa linalovuja huku wakicheka mvua, akina mama wanapika, mahali pengine pana maonyesho ya vikaragosi. Akaamua kwamba yote hayo yaendelee. Badala ya kubomoa aliondoa lipu ili matofali na nguzo vionekane, akaacha banda kubwa wazi bila kuta ndefu, akaweka meko ya kuotea moto, mfereji wa maji mafupi upitao sakafuni, maktaba, karakana za ufundi zilizogawanywa kwa kuta fupi, na jiko kubwa la chakula. Juu ya kijito kilichofunikwa alitandika mbao ndefu, na watu huanika miili yao juani hapo kama walio pwani. Ofisi yake ya kuchorea aliiweka ndani ya eneo la ujenzi, akaamua mengi pamoja na mafundi. Sehemu ya mabanda ilifunguliwa mwaka 1982, minara ya michezo ikamalizika mwaka 1986.

Jambo la fedha nalo lisiwapite. SESC halilishwi na kiwanda kile, wala na mtaa ule. Tangu mwaka 1946 linalishwa na mchango wa waajiri wa biashara wa nchi nzima, asilimia 1.5 ya mishahara wanayolipa. Duka moja likifungwa, mengine yapo.

Sasa turudi kwenye banda letu. Nikiombwa ushauri na bodi, jambo la kwanza ningewataka wajumbe wawili, mwanamume na mwanamke, wakae pale juma zima na daftari, kuanzia alfajiri mpaka saa tatu usiku, waandike nani amekuja, saa ngapi, ameketi wapi, amefanya nini. Nilifanya hivyo siku mbili tu katika banda hili ninalolisema. Asubuhi nilikuta wazee wa bao upande wa mashariki, wakihama kufuata kivuli. Saa sita wanafunzi walipita kunywa maji kwenye bomba lililovunjika. Alasiri vijana walicheza mpira mahali pale palipokuwa pakianikwa singa. Jioni akina mama walitandaza mboga chini ya taa moja, ambayo ni ya duka la jirani. Mwenye duka akifunga, soko linakwisha. Hakuna hata kimoja katika hivyo vinne kilichomo katika mchoro wa ukumbi mpya. Mchoro una jukwaa na chumba cha wageni waheshimiwa.

Kwa hiyo mahitaji yaliyo dhahiri ni bomba lifanye kazi, taa ziwe za chama, baraza irudishiwe ukingo wa kukalia, choo cha wanawake na cha wanaume kiwe karibu lakini si mbele ya wapishi, na uwanja wa kuanikia usawazishwe. Banda lenyewe lina paa pana na nguzo imara. Likiondolewa vyuma vilivyobaki na mashimo ya mashine yakifukiwa au kuwekewa uzio, watu 300 watakaa wakati wa mkutano mkuu bila jua. Nawasihi tu mtazame paa kwanza. Kama ni la asbesto, msilikate, msilivunje wala msilipasue kwa nyundo, maana vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yasiyopona. Mwiteni mtaalamu kabla fundi hajapanda. Hali kadhalika hakikisheni hati ya ardhi iko kwa jina la chama. Nimeona watu wakijenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na hilo ni shauri la mahakama, si la ukaguzi.

Mtaniuliza fedha. Gharama za kazi hizo ni ndogo kuliko za ukumbi, na zinaweza kufanywa kwa awamu, kila mwaka moja. Makato ya singa yawepo, lakini yawe theluthi moja tu ya mapato ya mahali hapo. Nyingine zitoke kwa ushuru mdogo wa wauza mboga, kwa kodi ya chumba cha mashine ya kusaga, na kwa kibanda cha wakala wa fedha za simu, ambaye hategemei mkonge. Halafu liwepo fungu la paa, lisiloguswa kwa posho wala kwa sherehe, na liandikwe kabla ya tofali la kwanza. Nitakuja kulitafuta.

Yamebaki mambo mawili ambayo sina jawabu kamili. La kwanza ni la watu wasio wanachama. Wazee wengi wa bao ni manamba wa zamani. Hawana shamba, hivyo hawana hisa, na pendekezo moja niliyoliona linataka watozwe kiingilio. Sheria haiwakatazi kufanya hivyo. Lakini tangu mwaka 1995 misingi ya ushirika duniani inataja wajibu wetu kwa jamii inayotuzunguka, nami naona ni aibu mtu aliyelisha korona miaka 30 alipie kivuli chake.

La pili nililisikia kwa kijana mmoja, mwanachama, siku nilipokuwa nikihesabu. Aliniambia: "Mzee, mbele ya dirisha lile baba zetu walidhalilishwa. Walinyimwa vipande, walitukanwa. Wewe unataka tulihifadhi?" Nilikosa neno. Baba yangu naye alisimama kwenye dirisha la namna hiyo, na kuna miezi alirudi mikono mitupu. Yule kijana anayetaka ukumbi mpya hana upumbavu. Anataka pasiwe na harufu ya utumwa. Nilipowaeleza wazee hoja yake, mmoja wao alisema nondo ziondolewe na dirisha lipanuliwe liwe la kupokelea chakula cha akina mama kutoka ndani. Bodi ikae na vijana na wazee pamoja, si mbalimbali, na wao ndio waamue. Mimi naishia hapo kwa sababu sikai pale.

Nimekuja na karatasi za kuhesabia, zenye safu za saa na mahali. Ziko kwa Ndugu Katibu, kila chama kichukue tano. Chama kinachokwenda kwenye mkutano mkuu kina muda wa juma moja la kuhesabu kabla ya siku ya kura, na nitakuwa wilayani kama wajumbe wake wakinihitaji.